Vitako Kumi na Viwili vya Fundi Tawakali

Katika ile miaka ya vita vya Hitla, mtu aliyeonekana njiani pale Lindi na kopo lililotoboka hakuulizwa analipeleka wapi. Watu walimwambia tu, "Wahi, leo yupo." Aliyekuwepo ni Tawakali bin Jumbe, fundi bati, mtu mfupi wa mabega mapana, msemaji wa polepole na mwepesi wa kuudhika. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na nyumba yake hatua ishirini kutoka hapo, hata mkewe Mwahija akimwita kula, wateja wote walijua siku hiyo kumepikwa nini.

Vita vilikuwa vimekausha kila kitu. Mabati mapya hayakuja, risasi ya kulehemu haikuja, na mafundi wengine wawili wa mji walikunja virago wakaenda kukata mkonge. Tawakali yeye alikasirika. Alikaa masika mazima akigeuza kopo bovu mkononi na kuligombeza. Kikombe kimetoboka kitako, alisema, mbavu zake nzima, mkono wake mzima, sasa kwa nini kife chote? Nani kasema? Mwisho wa masika alikuwa amepata jibu, na jibu lenyewe ndilo lililompa jina.

Alikata vigezo vitatu vya bati nene, kikubwa, cha kati na kidogo, na kuanzia siku hiyo hakutengeneza chombo ambacho kitako chake hakikupimwa kwa kimojawapo. Kile cha kati kilitosha kikombe, kata ya maji na birika dogo. Kitako hakukilehemu, alikikunja pamoja na ubavu kwa pindo, akaziba pindo kwa utomvu wa sandarusi uliochemshwa na mafuta. Kitako kikichoka, unapasha pindo juu ya mkaa, sandarusi inalegea, unagonga mara tatu kwa nyundo ya mti, kinatoka. Unatia kingine. Mkono nao ulichomoka na kurudi vivyo hivyo. Mafundi wengi hutengeneza kitu wakiomba kisirudi. Tawakali alitengeneza vyake akijua vitarudi, ndiyo maana alivifanya vifunguke.

Tena mteja hakusubiri. Ulikuja na chako kibovu, ukaondoka na kizima kilichokuwa cha mtu mwingine, na chako kikishatengenezwa kikawa cha wa tatu. Mwanzoni watu waligomba, kila mmoja anataka chake. "Chako kina nini ambacho hiki hakina?" Tawakali aliwauliza, kwa uso usiokaribisha maelezo. Wakazoea. Vikombe vikazunguka mji mzima, leo kwa muuza samaki, kesho kwa Maalim Bakary wa chuo cha Kurani, naye Tawakali akavifuatilia kwa macho kama baba aliyeoza mabinti wengi. Harusini alishawahi kupindua kikombe cha mgeni ili atazame pindo, kahawa ingali ndani.

Mwahija ndiye aliyechemsha sandarusi, na kazi zilipozidi alijifunza kutia vitako pia. Wapo waliosema pindo lake ni safi kuliko la mumewe. Hawakulisema mbele ya mumewe.

Jambo ambalo nyumba ile haikulijua ni kutupa. Pembe za bati zilikuwa midomo ya vibatari, vipande vyembamba vilifungia mipini ya majembe, na kilichobaki kiliwekwa ndani ya kapu kingoje siku yake. Kila kitu kilikuwa na siku yake. Mwahija alilelewa na mama wa namna hiyo, akaolewa na mume wa namna hiyo, na kama ungemwambia kwamba bati linaweza kuwa baya, angekutazama kama mtu mwenye homa.

Mwaka wa nzige, serikali iliweka kambi ya dawa katika njia ya kwenda Rondo. Dawa ilikuja kwa madebe, ikachanganywa na pumba, ikamwagwa kando ya mashamba. Madebe yakiwa matupu, amri ilikuwa yatobolewe kwa sururu na kufukiwa shimoni. Aliyetoa amri hiyo aliamini debe likishatobolewa limekufa. Hakujua nchi aliyomo. Hapa debe lililotoboka ndiyo kwanza linaanza safari ya kwenda kwa fundi.

Miongoni mwa vibarua wa kambi alikuwamo Ignasi, kijana wa Kimwera kutoka Rondo. Siku ya kufukia alishika sepetu akafukia kama wenzake, na moyo ukamuuma kama aliyeambiwa azike gunia la mtama. Madebe mazima, yana matundu mawili matatu tu ubavuni, na dada yake Apolonia kule mlimani watoto wake wanapokezana kifuu kunywea maji! Jumapili alirudi peke yake, akafukua matatu, akayasugua kwa mchanga na majivu, akayabeba kichwani mpaka Lindi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeyatoa wapi haya?"

"Kambini. Wameyatoboa wayafukie."

"Wayafukie kwa nini?"

"Ndiyo amri."

"Wendawazimu," Tawakali alisema, na mikono yake ilikwisha kuanza kuyageuza. Matundu hayakumshughulisha, tundu ni mahali pa kupitisha mkasi. Kilichomfurahisha ni vitako vya madebe. Vilikuwa vinene, bati la kabla ya vita, na matundu hayakufika huko. Ndani ya pembe kulikuwa na ukoko mweupe kidogo. Aliukwangua kwa ncha ya msumari, akaweka madebe juu ya mkaa ili rangi iungue. Moshi ukapanda, na ukanuka kitunguu saumu.

"Mama Mwanaasha!" alipiga kelele kuelekea nyumbani. "Leo unapika pilau? Mchele umeupata wapi?"

"Pilau ya nani?" Mwahija alijibu. "Nimebandika muhogo!"

Wakacheka, hata Ignasi akacheka. Kila kitako cha debe kilitoa vitako vinne vya kigezo cha kati, jumla kumi na viwili, na mbavu zikawa vibatari. Ignasi alipewa kikombe kimoja palepale na vibatari viwili ampelekee dada yake. Sandarusi siku hiyo ilikuwa ya kukomba sufuria, lakini kijana alikuwa na haraka, na Tawakali alilikandamiza pindo kwa nguvu akaona litatosha.

Wiki tatu baadaye Ignasi alirudi. Hakupiga hodi, hakuamkia. Alisimama mbele ya kibanda, midomo imemkauka.

"Fundi, yale madebe yalikuwa na sumu."

"Sumu gani?"

"Ile dawa ya nzige. Debe moja lilisahauliwa nje ya shimo, mbuzi wa jirani wakalilamba. Watatu, fundi. Adhuhuri haijafika wamekufa. Msimamizi akatukusanya akatuambia yote. Haina harufu, haina ladha, ila ikipata moto inanuka kitunguu saumu."

Tawakali aliweka nyundo chini.

"Na mtu je?"

"Mtu akiipata kidogo kidogo, tumbo linamsokota, anatapika, miguu inakufa ganzi. Halafu basi."

Lori la kambi lilikuwa likiwangoja vibarua barabarani. Walikuwa wanahamishiwa Kilwa siku ileile, kwa nzige wa huko. Ignasi asingeweza kufika Rondo. Alishika mkono wa fundi kwa mikono yake miwili. "Dada yangu ana kile kikombe. Ana watoto watatu. Nenda ukakichukue, nakuomba. Na usinitaje, fundi. Nilifukua kitu kilichofukiwa kwa amri, watanifunga."

"Na mimi je?" Tawakali alisema, lakini lori lilipiga honi na Ignasi akakimbia.

Hofu iliyomwingia siku ile haikuwa ya kelele. Vibatari havinywewi, lakini watu kumi na wawili wananywea kwenye kazi ya mikono yake, na kila funda ni yeye anayewanywesha. Jambo la kufanya lilikuwa moja na alilijua: kusimama msikitini baada ya sala, au sokoni, au kwenda bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na kulisema. Lakini akiisha kulisema? Nani atakayenywea tena katika chombo cha Tawakali? Watavitupa vyote, vya sumu na visivyo na sumu, kazi ya miaka chungu nzima, na watoto wakimwona watakimbia. Na boma je, litaamini kwamba hakujua? Akajiambia atavikusanya mwenyewe, kimya kimya, na vikisha kukusanyika itakuwa kama havikuwahi kuwepo. Alijiambia hivyo mpaka ikawa inafanana na busara.

Basi akabeba jiko dogo la mkaa, nyundo ya mti na vitako vya bati la kawaida, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. "Niletee kikombe chako," aliwaambia. "Kile kitako nilichotia ni cha bati lisilodumu. Nakubadilishia bure." Watu walistaajabu. Fundi Tawakali kukiri kosa? Bure? Akikuta kitako chembamba alikirudisha mahali pake na kuendelea. Akikuta kile kinene, alikifungua pindo mbele yao, akakitia mfukoni. Vile ambavyo watu walikwisha kupokezana alivifuata kwa maswali: ulimpa nani, naye kampa nani. Na kila mlango alipouliza hali, hakuridhika na kuambiwa hawajambo. "Na matumbo? Matumbo hayajambo?" Watu walicheka mgongoni kwake, wakasema fundi ameanza uganga.

Nyumba ya sita ilikuwa ya Binti Mfaume, mjane wa mtaa wa pili, mwanamke mzee aliyewahi kumkanda Tawakali mgongo utotoni. Alimkuta amelala kwenye mkeka mchana, amekonda, kanga imemzidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaniona? Tumbo hili wiki ya pili. Na miguu, siisikii. Nikiigusa kama naigusa ya mtu mwingine."

Kikombe kilikuwa pale kando ya mkeka, na uji wa mtama umebaki nusu.

"Hata hivyo uji nakunywa," mzee alisema, anamfariji yeye. "Tena sinywi ila kwa kikombe chako. Kina uzito mzuri. Ndicho kinachonipa nguvu."

Tawakali alimwaga uji, akabadilisha kitako, akaosha kikombe mara tatu mpaka mzee akamwambia basi, utakitoboa. Alipotoka alikwenda nyuma ya ukuta. Akasimama pale ameegemeza paji la uso kwenye udongo, anamwomba Mungu amponye mzee yule na, kwa pumzi ileile, anamwomba asijulikane. Aliona haya kuyaomba yote mawili pamoja, lakini aliyaomba.

Siku ya nne alikuwa na vitako kumi na kimoja. Binti Mfaume alianza kukaa, na siku ya sita alionekana mlangoni anachambua mchicha. Tawakali alipita kumtazama asubuhi na jioni. Hakuna aliyekufa. Kilibaki kimoja tu, cha Rondo.

Alitaka kuvitupa vile kumi na kimoja kabla ya kwenda. Alivipeleka pwani maji yalipokupwa, akasimama kwenye tope la mikoko na furushi mkononi. Akiviacha hapa, maji yatavirudisha na mtu ataviokota. Akivifukia, mtu atavifukua. Yeye mwenyewe angevifukua, bati nene vile. Mtu aliyetumia umri wake kuhakikisha kitu hakifi alikuwa hajui namna ya kukiua. Na ukweli mwingine ni kwamba mkono ulikataa. Ulijua ni sumu, na ulikataa vilevile kuachia bati zuri. Akasema atakipata na kile cha kumi na mbili, vyote ampe mvuvi mmoja avizamishe kilindini, mara moja, kwisha. Akarudi navyo nyumbani, akavifunga ndani ya kitambaa, akaviweka katika sanduku lake la mvunguni mwa kitanda, chini ya kanzu ya Idi.

"Nakwenda Rondo," alimwambia Mwahija. "Nafuata sandarusi."

"Sandarusi ya Rondo?" Mwahija alimkazia macho. "Baba Mwanaasha, una nini? Siku hizi huli."

"Sina kitu."

Alitamani kumwambia. Neno lilifika mdomoni. Lakini Mwahija akijua, dada zake watajua, na dada zake wakijua hakuna haja ya kwenda msikitini. Hivyo ndivyo alivyojitetea. Akachukua fimbo yake na mfuko wa zana, akaondoka.

Lori lililokwenda kuchukua mbao lilimfikisha chini ya mlima, na kutoka hapo alipanda kwa miguu. Njia nzima alihesabu. Watoto watatu, wiki nne sasa. Mbuzi walikufa kabla ya adhuhuri. Mtoto ana uzito gani kuliko mbuzi? Alijilaumu kwa kuanza na mji, ambako watu humsifu, na kuacha mlima mwisho. Kila sauti ya mwanamke aliyoisikia mashambani alisimama kuisikiliza kama ni wimbo au ni kilio.

Karibu na kijiji alikutana na mzee mmoja mwenye shoka begani, akamuuliza nyumba ya Klementi, mume wa Apolonia.

"Ile pale," mzee alisema. "Pale wanapochimba."

Tawakali aliona kweli watu wamekusanyika, majembe yanapanda na kushuka, udongo mwekundu umerundikwa kando. Alikaa chini njiani, mtu mzima, na mzee akamuuliza kama ameumwa na nyoka. Alikaa mpaka aliposikia wachimbaji wanacheka. Watu hawacheki kaburini. Akajikokota hadi pale, akakuta ni mashimo ya nguzo. Klementi alikuwa anajenga nyumba mpya.

Apolonia alimpokea vizuri, akamtandikia mkeka, akamwita fundi wetu. Tawakali hakukaa. Alikuwa anatafuta watoto kwa macho. Mmoja alikuwa mgongoni mwa mama, mmoja anafukuza kuku, wa tatu alitoka nyuma ya nyumba anatafuna muwa. Aliwahesabu mara mbili.

"Kile kikombe alichokuletea Ignasi," alisema, "kiko wapi?"

Apolonia aliinamisha uso. Akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka nacho kimefunikwa kwa maganda ya mahindi. Ndani yake mlikuwa na mbegu za kunde.

"Nisamehe, fundi. Kilivuja tangu siku ya kwanza. Hakikukaa na maji hata kidogo. Nikasema nisimwambie kaka, atasikitika, na wewe una jina kubwa, nitasema nini? Nikaona kitunze mbegu."

Siku nyingine yoyote, mtu aliyemwambia Tawakali kwamba kazi yake inavuja angejuta kuzaliwa. Siku ile alikishika kile kikombe kibovu kwa mikono miwili, akacheka huku machozi yanamtoka, mpaka Apolonia akamtazama mumewe kwa wasiwasi. Kuvuja! Kazi mbaya kuliko zote alizowahi kutoa ndiyo iliyowaponya watoto hawa. Alikifungua pindo, akatia kitako kingine na sandarusi ya kutosha. Akawaambia mbegu zile wazipande tu, wasizile, na waoshe mikono.

"Mbegu nani anakula?" Apolonia alisema.

Hata pale hakusema sababu. Hapakuwa na haja tena, aliona. Alishuka mlima na kitako cha kumi na mbili mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu Ignasi alipokuja alisikia njaa.

Aliingia Lindi siku ya tatu, mara baada ya sala ya adhuhuri. Sokoni watu walimsalimia kuliko kawaida. "Ahsante kwa kitako, fundi!" muuza nazi mmoja alimpungia. Tawakali alimpungia naye, akaendelea, kisha hatua zikapungua. Muuza nazi yule hakuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja. Akajiambia amesahau.

Mwahija alimpokea fimbo, akamketisha barazani, akamletea maji. Alikuwa mchangamfu, kama mtu mwenye habari njema anayengoja kuulizwa. Tawakali alikunywa kwa kiu ya safari yote, akameza mpaka nusu.

"Ulipoondoka tu wakaanza kuja," Mwahija alisema. "Wamesikia unabadilisha vitako bure. Mstari mpaka kwa muuza mkaa! Kapu halina kitu. Nikasema niwarudishe watu na jina lako hili? Nikatafuta. Kumbe umevificha vizuri vile chini ya kanzu." Alimpiga begani kwa kumtania. "Bakhili wewe. Vinene, vimekwisha kukatwa, unavingojea nini? Nimevitia vyote. Pindo langu hata wewe hutalijua."

Tawakali alikitazama kikombe alichoshika. Alikigeuza, maji yaliyobaki yakamwagika miguuni. Kitako kilikuwa kinene.

"Vyote?" alisema.

"Hicho chako, kimoja. Birika la Binti Mfaume, maskini, amepata nafuu anataka chai. Muuza nazi na wenzake saba wa sokoni. Na kata mpya ya mtungi wa chuoni, kwa Maalim Bakary, watoto walikuwa wanakunywa kwa viganja." Furaha ilianza kumtoka usoni. "Baba Mwanaasha? Una nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote pale barazani, madebe, mbuzi, Ignasi, miguu ya Binti Mfaume, pwani, sanduku. Yalikuwa maneno machache kuliko alivyodhani. Mwahija alisikiliza amesimama, mikono yake, ileile iliyokunja mapindo, ameishika mbali na mwili wake.

"Umejua tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

"Na mimi ulinilaza juu ya sanduku hilo." Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Tawakali kuliko kelele. Alivuta kanga yake kichwani. "Mimi nakwenda kwa Binti Mfaume, halafu sokoni. Wewe nenda chuoni. Na usiseme bati lisilodumu. Sema sumu."

Alikimbia. Watu wa Lindi hawakuwahi kumwona Tawakali akikimbia, wakatoka milangoni kutazama. Chuo kilikuwa uani kwa Maalim Bakary, chini ya paa la makuti, na sauti za watoto wakisoma zilisikika tangu njia panda. Zilikuwa sauti nzima, za watoto wenye afya, na alizisikiliza akikimbia kama anayetafuta iliyopungua. Mtungi ulikuwa kwenye kivuli karibu na mlango. Juu yake imening'inia kata, mpya, inang'aa, maji yanadondoka kutoka ukingoni.

"Aa, fundi!" Maalim Bakary aliinuka. Watoto wakanyamaza. "Mungu akulipe kwa kata hii. Nilikuwa nawaambia wanangu wakuombee dua."

Tawakali aliitungua kata akaishika kifuani. Pumzi haikumtosha. Alikuwa bado na nafasi, aliiona waziwazi, ya kusema ameifuata kwa matengenezo madogo, na maalim angempa, na angeondoka nayo, na jina lake lingebaki.

"Hii ni sumu, maalim," alisema. "Kitako chake ni cha debe la sumu ya nzige. Si kosa la Mwahija, yeye hakujua. Mimi nilijua."

Maalim Bakary akawageukia watoto waliokaa mistari minne juu ya mkeka, akauliza kwa sauti ya upole sana ni nani kati yao aliyekunywa maji ya mtungini leo.

Mikono ikanyooka, yote.